Kidole cha Marehemu Antipasi

Siku hizi mnaita kijiwe. Sisi pale Iguguno tuliita benchi tu, na lenyewe lilikuwa ubao wa bodi ya lori bovu uliowekwa juu ya mawe mawili, mbele ya duka la kijiji, mkabala na pale magari ya kwenda Singida yanaposimama. Mimi nilikuwa na birika, jiko la mkaa na kashata za karanga. Jina langu ni Lea, watu wazima waliniita Mama Sara, lakini pale benchini niliitwa Redio, kwa sababu habari ikiingia sikioni mwangu asubuhi, jioni imeshafika hadi kwa wachunga ng'ombe. Sikukasirika. Redio ya kijiji ilikuwa haina betri miezi mitatu, mimi sikuwahi kuishiwa. Ninayoyasimulia hapa ni ya mwaka wa sabini na mbili, asubuhi moja baada ya kupura uwele, siku ambayo Antipasi alikuja benchini na mzigo wake umefungwa kwa kamba ya katani, akisubiri gari la kumhamisha kijijini. Na aliyemfukuza, ndugu zangu, msimtafute mbali. Ni mimi.

Lakini wakati huo hakuna aliyekumbuka neno lilianzia wapi.

Walikuwa wawili wamekaa tayari. Mmoja Filipo, tuliyemwita Hakimu kwa kuwa zamani alifagia mahakama ya mwanzo miaka miwili, akatoka na sheria zote kichwani, anavyosema yeye. Wa pili Bonifasi, jina la benchini Kilometa, aliyekuwa utingo wa lori akafika Tabora na Dodoma, na kila unachomwambia yeye alikwisha kukiona kikubwa zaidi.

— Marehemu! Hakimu akamwita Antipasi. Ndiyo safari kweli?

— Ndiyo. Nakwenda Mungaa kwa mdogo wangu. Huko hawajui sinema.

— Na mama watoto?

— Theodora anafunga kuku. Anakuja.

Nikammiminia kahawa bila kuulizwa.

Niwaeleze kwanza hilo jina la Marehemu. Mwaka mmoja nyuma walikuja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam, wakapiga picha kijijini kwetu. Sinema iliitwa Mzee Hataki: mzee mmoja mbishi hataki kulima shamba la ujamaa, anawatukana majirani, halafu anakufa, na majirani wale wale aliowatukana ndio wanaomzika. Mzee mwenyewe akawa Antipasi, kwa sababu alikuwa na uso mrefu na anajua kunyamaza. Akalazwa kwenye kitanda cha kamba uani, akafunikwa shuka jeupe mpaka kifuani, miguu nje. Bwana sinema akamwambia, usitikisike mpaka niseme imetosha. Sisi wanawake akatuambia, lieni kidogo.

Kidogo! Nani kwetu anajua kulia kidogo? Tuliangua kilio kimoja, kikavuka mbuga. Na kitongoji cha upande wa pili hawakuwa wameambiwa habari za sinema. Wao walisikia msiba. Basi wakaja, kama inavyopasa: wanawake na unga wa uwele vichwani, wanaume na majembe mabegani, mmoja anaburuta mbuzi. Hawakuuliza. Wanawake wakaanguka chini wakalia kuliko sisi tuliotumwa, wanaume wakaenda nyuma ya zizi wakaanza kuchimba kaburi. Bwana sinema akachanganyikiwa kwa furaha, akakimbia na mashine yake huku na huku, akasahau kusema imetosha. Antipasi kalala pale tangu umande haujakauka mpaka jua likawa utosini. Wanaume walipomshika miguu na kichwa wamwinue, ndipo yule bwana akakumbuka kupiga kelele. Antipasi akaketi, akasema, nipeni maji.

Waliokimbia, wamekimbia. Mmoja alitumbukia kwenye kaburi alilolichimba mwenyewe. Mbuzi hakuonekana siku mbili. Na kaburi, wazee wakasema halifukiwi tupu kwetu, lisije likaleta msiba wa kweli. Wakachukua kinu kilichopasuka, wakakivika kaniki, wakakizika. Mpaka leo lile tuta lipo.

Sasa, miezi kadhaa baadaye mwenyekiti akatusomea mkutanoni kwamba sinema yetu imepelekwa mashindano makubwa ng'ambo, inagombea kikombe cha kwanza cha dunia. Tukamwita seremala akatengeneza rafu ya mninga ofisini kwa kijiji, ya kuwekea kikombe. Akaipiga msasa ikang'aa. Halafu zikaja habari za pili: tumekosa. Waamuzi saba, watatu kwetu, wanne kwa sinema nyingine ya mwanamke na treni. Kura moja! Rafu ikakaa tupu, karani akaanza kuweka chaki.

Hapo watu wakataka wa kulaumiwa. Na mimi, kisimani, ndoo iko kichwani, mdomo ukaniponyoka: "Msijisumbue. Mimi nilikiona kidole cha Antipasi kikitikisika." Nilitaka tu kuwachekesha. Wiki haijaisha watoto wanalala barabarani wanatikisa vidole Antipasi akipita. Shambani akiinama kulima, mtu nyuma yake anasema, "Usitikisike, Mzee!" Theodora akifika kisimani, wenzake wananyamaza. Miezi miwili hivyo. Mpaka mtu kafunga mzigo.

Ndiyo maana asubuhi ile nilikuwa namimina kahawa bila kuulizwa. Nilijisemea, nikiwafanya hawa wawili wapate mwingine wa kumlaumu, labda Antipasi atafungua kamba ya mzigo.

— Mimi naona, nikaanza, kosa lilikuwa la sisi waliaji. Sauti zetu hazikupatana.

— Wapi! Hakimu akasema. Kilio kilikuwa safi. Kosa ni la kidole. Ushahidi upo.

— Ushahidi gani?

— Watu wote wanasema. Watu wote wakisema, mahakamani unaitwa ushahidi wa umma.

Antipasi alikunywa kahawa, hakunyanyua macho.

— Kilometa, nikasema, wewe uliyetembea, sema wewe. Kikombe kinakosekanaje kwa kura moja?

Hapo nilijua nimewasha lori. Kilometa akajipangusa mdomo.

— Dada, sinema nzuri zote hukosa kikombe kwa kura moja. Ndiyo kawaida yao. Pale Tabora niliona moja, seremala anatengeneza mlango wa nyumba ambayo haipo. Watu wazima wanalia ukumbini, askari analia, muuza tiketi analia. Ilikosa kikombe. Kwa nini? Mwamuzi mmoja alitoka kwenda haja ndogo.

— Acha kamba, Hakimu akasema.

— Haki ya nani! Aliporudi mlango umeshatengenezwa. Akauliza, mbona mnalia? Akapiga kura kwa nyingine.

— Na ile iliyoshinda ilikuwa ya nini?

— Nani anaikumbuka? Hiyo ndiyo habari yenyewe. Iliyoshinda hakuna anayeikumbuka. Ile ya mlango, mpaka leo nikiona bawaba machozi yananilenga.

Antipasi akatabasamu kidogo, nikapata moyo. Nikaongeza mkaa.

— Basi na yetu mwamuzi alitoka nje, nikasema.

— Hapana, yetu ni tofauti, Kilometa akasema. Yetu mwamuzi wa saba alikuwa amesinzia. Kule kuna baridi, wanavaa makoti matatu, mtu akikaa tu anasinzia. Sasa wakaulizwa, wangapi wanataka ya treni? Treni ikapiga honi, yule akashtuka, mkono juu. Wakauhesabu.

— Mkono wa usingizi si kura, Hakimu akasema kwa ukali. Unabatilishwa. Nasema hivi: wale watu walipoona wanaume wetu wanachimba, hawakuona kaburi. Kwao wanazika kwenye masanduku, makaburi yanachimbwa na serikali. Walipoona majembe ishirini yanachimba kwa haraka vile, waliona dhahabu.

— Dhahabu nyuma ya zizi la Antipasi!

— Ndivyo walivyoona! Wakakaa faraghani, wakasema, hii sinema tukiipa kikombe dunia nzima itahamia Iguguno. Wakainyima makusudi, waje wenyewe kimyakimya. Subirini, mtaona wazungu wanapita hapa wanajifanya wanatafuta njia ya Nzega.

— Wewe Hakimu, ulifagia mahakama au ulifagiliwa?

— Mbona yako ya honi hukuicheka?

— Yangu ina akili. Na nyingine hii hapa. Mashine ile ya picha inanasa watu hai tu. Antipasi alilala saa zile zote, jua, njaa, watu wanamlilia kwa jina lake. Mtu akililiwa kiasi kile roho inatoka kidogo kuangalia nani analia. Sasa ilipotoka, mashine ikakosa cha kunasa. Kule ng'ambo wameona kitanda kitupu na shuka limevimba!

Hakimu alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Hata Antipasi mabega yalitikisika. Nikajiambia, Lea, umeweza, mpe kashata. Nikampa.

Lakini Hakimu alipomaliza kukohoa akajifuta, akasema:

— Yote ni mazungumzo. Tukirudi kwenye kesi, kilichotukosesha kikombe ni kidole.

Antipasi akairudisha kashata kwenye sahani bila kuiuma.

Hapo ndipo alipotokea Theodora, kuku wawili mkono mmoja wamening'inia, sufuria mkono wa pili. Mwanamke mfupi, mweusi, anatembea kama anayekwenda kugombana hata akienda kanisani.

— Kidole, kidole, akasema kabla hajatua mzigo. Nimewasikia tangu kwenye mtaro. Leo naondoka, kwa hiyo leo nauliza. Kidole gani?

— Cha mguu, Hakimu akasema.

— Miguu anayo miwili, baba. Vidole kumi. Nani alikiona?

— Watu wote.

— Watu wote hawana macho mamoja. Nani alikiona kwanza?

Hakimu akamtazama Kilometa. Kilometa akatazama barabarani. Halafu wote wawili, polepole, wakanigeukia mimi.

— Redio, Hakimu akasema, si ni wewe uliyesema?

Nikaona birika limekuwa zito ghafla.

— Nilisema... niliona.

— Kipi, Mama Sara? Theodora akauliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ingekuwa ya ugomvi ningejibu vizuri zaidi.

— Gumba. Mguu wa kulia.

Theodora alimgeukia mumewe tu. Antipasi naye, kama mtu aliyechoka kubeba kitu, akavua katambuga cha kulia, akaupandisha mguu juu ya benchi, kati ya vikombe vyangu.

Kidole gumba kilikuwa kimelala upande, kigumu kama mhogo mkavu.

— Kitikise, Theodora akamwambia.

— Hakitikisiki, Antipasi akasema. Ng'ombe wa jembe alikikanyaga mwaka wa Uhuru. Tangu hapo hakijakunjika. Njoo ushike, Hakimu.

Hakimu alikishika. Alikivuta juu, akakisukuma chini. Kilometa naye akajaribu, akasema pale Dodoma aliona cha namna hiyo, lakini hata yeye hakuendelea. Wote wakanitazama tena.

— Mbona hukusema, mwanaume wewe! nikamfokea Antipasi, maana mtu akikosa la kusema hufoka. Miezi miwili!

— Ningewaonyesha mguu mmoja mmoja, Mama Sara? Nipite nyumba kwa nyumba?

Basi nikaweka birika chini. Nikawaambia ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mfupi: siku ile sikuona kidole wala unyayo, kwa sababu nilikuwa nimejifunika khanga uso mzima, nalia. Na nilikuwa nalia kweli. Nilisahau kabisa kwamba ni sinema. Nilimlilia Antipasi kama ndugu yangu. Kisha nikaenda kisimani nikamuuza kwa kicheko kimoja.

Kuku mmoja alipiga mbawa.

— Nakusamehe, Antipasi akasema, akivaa katambuga chake. Lakini safari iko palepale. Rafu ile tupu watu wanaiona kila siku. Leo si kidole. Kesho mtasema pua, keshokutwa kope. Kura moja ilikosekana, na aliyelala pale ni mimi.

Na hapo hapo tukaliona vumbi la gari upande wa Nzega.

Likasimama mbele yetu linatetemeka. Utingo akaruka, akashika kamba ya mzigo wa Antipasi. Nikataka kuushika upande wa pili nivute, aibu ikanizuia. Theodora akawa anawasogeza kuku mlangoni. Ndipo akashuka kijana mmoja wa suruali ya kaki iliyopigwa pasi, mkoba kwapani, na mikononi kakumbatia kitu kikubwa cha duara kilichofungwa karatasi. Karatasi ilikuwa imechanika safarini. Ndani nikaona maua ya kitambaa, meupe na ya zambarau.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, tukaitikia wote.

— Naitwa Petro, natoka ofisi ya utamaduni. Nilipitiliza mpaka Nzega, nikaelekezwa nirudi. Poleni sana, wazee wangu.

— Pole ya nini?

Akavua kofia. Akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa:

— Naomba mnionyeshe, kaburi la marehemu mzee Antipasi liko wapi?

Ndugu zangu, sijawahi kuona benchi limenyamaza vile. Hakimu, mwenye sheria zote, alifungua mdomo akaufunga. Kilometa, aliyekwisha kuona kila kitu, hicho hakuwahi kukiona. Mimi Redio nilikatika kabisa. Maana tujibu nini? Kaburi lipo. Marehemu yupo. Lakini haviko pamoja.

— Nani kakutuma? Theodora akauliza.

— Mwamuzi, mama. Yule wa saba wa mashindano ya sinema. Kura zilikuwa tatu kwa tatu, akabaki yeye. Yule ni mzee sana, ameleta na barua, imetafsiriwa hapa. Petro akaifungua, akasoma, kofia kwapani: "Sinema ya watu wa Iguguno ni nzuri kuliko zote nilizoziona. Lakini nilimzika baba yangu na kaka zangu wawili, namjua mtu aliyekufa nikimwona. Yule mzee aliyelala kitandani amekufa kweli, na wale wanaomlilia wanamlilia kweli. Si haki kumpa mtu kikombe kwa kupiga picha msiba wa wengine. Kwa hiyo kura yangu nimeipeleka kwenye treni, na shada hili nalipeleka kwa marehemu."

Utingo aliacha kamba. Abiria walikuwa wametoa vichwa madirishani.

Antipasi akasimama. Polepole, mguu wa kulia umenyooka kama kawaida yake.

— Kaburi lipo nyuma ya zizi langu, mwanangu, akasema. Ila aliyelala humo ni kinu.

— Sijakuelewa, mzee. Wewe ni nani wake?

— Mimi ndiye mwenyewe.

Petro alirudi nyuma hatua mbili, akaukanyaga mkia wa jogoo, jogoo akapiga kelele, naye akapiga kelele. Na hapo Theodora akatupa sufuria chini, akapiga kigelegele ambacho hata siku ya harusi yake sikukisikia.

— Mjane wake ni mimi! akasema. Leteni shada la mume wangu!

Nilipokea kigelegele chake, wanawake wa kwenye gari wakapokea changu. Hakimu kapanda juu ya benchi anatangaza kwamba kesi imefutwa na mshtakiwa ameshinda kwa kufa kupita kiasi. Kilometa anawaelezea abiria kwamba kwenye ile ya mlango kule Tabora hakuna hata mmoja aliyekufa vizuri namna hii. Antipasi kasimama katikati, kalikumbatia shada, linamfika magotini, uso ule mrefu unang'aa, machozi yanamshuka nayo hayafuti.

— Mzee, unapanda hupandi? dereva akapiga honi.

— Marehemu hasafiri, Antipasi akasema. Theodora, rudisha kuku nyumbani.

Petro, maskini, alipopata pumzi alitoa kalamu. Alisema lazima arudi na jibu ofisini, na jibu litafsiriwe, lipelekwe kule ng'ambo kwa yule mzee. Amwandikie nini?

Antipasi akafikiri.

— Mwandikie kwamba marehemu amelipokea shada kwa mikono yake. Na aje atembee, nimwonyeshe kidole.

Kutazama ng'ambo ya mbuga, tukaona watu wanakuja. Vigelegele vilivuka kama kilio kilivyovuka. Wanawake na unga vichwani, wanaume safari hii bila majembe, na yule yule wa mbuzi, kamshika kwa kamba fupi. Hawakuuliza. Tuliandamana wote mpaka ofisini kwa kijiji, karani akaondoa chaki zake, na shada likawekwa kwenye rafu ya mninga. Rafu ilikuwa pana. Kikombe kingelala humo kama mbegu moja ya mtama. Shada liliijaza pembe hadi pembe.

Birika langu lilikuwa tupu kabla jua halijafika utosini, sikupika jingine. Nilikuwa na kazi. Nilipita nyumba kwa nyumba, kisimani, shambani, hadi kwa wachunga ng'ombe, nikieleza na la kwangu la khanga usoni, na kila niliyemwambia nilimwambia kama ilivyokuwa, bila kuongeza hata kidole.